Mali ikiuzwa hairudishwi: Je, kauli hii inasafisha pesa?

Hivi karibuni nilitakiwa kukaa kati ya wanawake wawili waliogombana kwa sababu ya gauni la mtumba. Wote ni Waislamu, wote ni wakaazi wa Unguja, na kabla ya gauni hilo hakuna aliyekuwa akimjua mwenzake. Mmoja anakaa Kikwajuni. Ananunua belo la nguo kutoka Dar es Salaam, analifungua nyumbani, anachambua, anafua, anapiga pasi, kisha anapiga picha na kuziweka mtandaoni kwa simu yake. Mwengine anakaa Bububu. Aliona gauni refu la zambarau, akalipenda, akatuma shilingi 35,000 kwa simu. Gauni likapakiwa kwenye daladala, likamfikia jioni ile ile.

Alipolifungua akakuta chini ya kwapa pamechanika na pameshonwa kwa uzi wa rangi nyengine. Akamwandikia muuzaji kutaka pesa zake. Jibu lilikuja fupi: "Dada angu, mali ikiuzwa hairudishwi, na kwenye tangazo nimeandika." Alipoandika mara ya pili na ya tatu, akakuta namba yake imefungiwa. Naye kwa hasira akachukua picha ya yule muuzaji pamoja na namba yake ya simu, akaziweka kwenye kundi la wanawake wengi na kuandika kwamba huyu ni mwizi, mjihadhari naye.

Hapo ndipo jambo la gauni lilipokuwa jambo la heshima za watu. Familia zikaingia, maneno yakazidi, na mwisho wakaja wazee kuombwa wawasuluhishe.

Ndugu msomaji, kisa hiki si kigeni. Kila mwenye simu leo amekisikia kwa sura moja au nyengine. Saizi si ile iliyosemwa, zipu haifungi, nguo nyeupe ina doa ambalo kwenye picha halikuonekana. Na kila mara jibu ni lile lile: mali ikiuzwa hairudishwi. Tumelizoea kiasi kwamba tunalidhani ni hukumu ya dini. Swali langu leo ni moja tu. Je, kauli hii inamsafishia muuzaji pesa aliyoipokea?

Wapo watakaosema, shilingi 35,000 ni nini hata iandikiwe makala? Nami nasema udogo wake ndio unaofanya suala liwe zito. Hakuna atakayekwenda mahakamani kwa pesa hiyo. Mahakama ya Kadhi hapa kwetu inashughulikia ndoa, talaka, mirathi na mambo ya familia, haisikilizi kesi ya gauni. Sheria ya kumlinda mtumiaji tunayo Zanzibar tokea mwaka 2018, na tume yake ya ushindani halali wa biashara ipo, lakini mara nyingi mtu anayeuza kwa simu akiwa chumbani kwake hana duka linaloweza kukaguliwa. Sheha anaweza kuwaita, kama wote wawili wako katika shehia moja. Vyenginevyo kinachobaki kati ya muuzaji na mnunuzi ni uchamungu wao tu.

Tuangalie kwanza kauli yenyewe ilikotoka. Imechapwa kwenye risiti za maduka mengi. Lakini anayenunua dukani, au kwenye mitumba iliyotandazwa chini pale Darajani, huwa ameishika nguo. Ameigeuza ndani nje, ameivuta mshono, ameinusa, ameipima mwilini. Biashara ya nguo katika mji huu ni kongwe, na tokea enzi za merikani iliyokuwa ikiletwa kwa majahazi makubwa kutoka Salem, Marekani, katika karne ya 19, nguo ilikuwa ikipimwa kwa mkono kabla ya kupimwa kwa pesa. Mtu aliyeshika, akaridhika, kisha akabadili mawazo, anaweza kuambiwa "hairudishwi" na neno hilo likawa na mashiko.

Sasa muuzaji wa mtandaoni ameichukua kauli ile ile na kuipeleka mahali ambapo mnunuzi hana mkono. Anaiona picha tu, na picha imepigwa na muuzaji, kwa upande anaoutaka muuzaji, kwa mwanga anaoutaka muuzaji. Picha haionyeshi harufu ya nguo iliyokaa miezi ndani ya belo. Haionyeshi kitambaa kilicholegea kwa kufuliwa. Haiwezekani masharti ya anayeona na masharti ya asiyeona yawe mamoja.

Wanazuoni wetu walilizungumza hili karne nyingi kabla ya simu. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi wa Waislamu wa visiwa hivi, kuuza kitu kisichoonwa na mnunuzi hakusihi. Kwa Imam Abu Hanifa kunasihi, lakini mnunuzi anabaki na hiari: siku atakapokiona ana haki ya kukikataa, hata kama hakina kasoro. Wengine, kama Imam Malik, wameruhusu kuuza kwa sifa, na kitu kikija tofauti na sifa zake mnunuzi ana haki ya kukirudisha. Tazama basi, ndugu msomaji. Anayeuza kwa picha na sifa anategemea ruhusa ya wale waliompa mnunuzi hiari. Hawezi kuichukua ruhusa yao akaliacha sharti lao. Akisema kwamba nguo iliyokuja tofauti na sifa zake hairudishwi, hana imamu wa kumfuata katika hawa.

Ajabu ni kwamba walimwengu wengine wamefika karibu na hapo kwa njia zao. Umoja wa Ulaya mwaka 2011 ulipitisha kanuni inayompa mtu aliyenunua kwa mfanyabiashara bila kufika dukani siku 14 za kubadili mawazo, bila ya kutakiwa atoe sababu. Hoja yao ni ile ile, kwamba huyu hakuiona bidhaa.

Tuje kwenye kasoro. Ni hadithi mashuhuri, aliyoipokea Imam Muslim, kwamba Mtume (SAW) alipita kwenye lundo la chakula kinachouzwa, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akajitetea kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume (SAW) akamuuliza kwa nini basi asikiweke juu watu wakakiona, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika watu wake. Angalia vizuri: mvua si kosa la muuzaji. Kosa lake lilikuwa kuyaweka makavu juu na mabichi chini. Nguo kuchanika si kosa la muuza mitumba. Kosa ni kulikunja lile kwapa kabla ya kupiga picha.

Hapa muuzaji mwerevu atasema: "Lakini mimi niliandika mapema kwamba sirudishi, na ni mtumba, kila mtu anajua." Hoja hii nayo ina majibu ya zamani. Imam Malik amepokea katika Muwatta kisa cha Abdullah bin Umar (RA), ambaye alimuuza mtumwa kwa dirham 800 kwa sharti la kujivua na kasoro, yaani kwa lugha yetu ya leo, hairudishwi. Mnunuzi akadai kuwa yule mtumwa alikuwa na maradhi ambayo hakuelezwa. Wakapelekana kwa Sayyidna Uthman bin Affan (RA). Uthman hakusema kuwa sharti limekwisha kumaliza maneno. Alimtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa akijua maradhi yoyote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamchukua mtumwa wake. Baadaye yule mtumwa akapona, na Ibn Umar akamuuza kwa dirham 1,500.

Katika hukumu ile swali halikuwa uliandika nini, bali ulijua nini. Sharti halifuniki kile ambacho muuzaji anakijua na amekinyamazia. Imam Nawawi katika Minhaj amekwenda mbali zaidi. Kwa kauli yenye nguvu, sharti la kujivua linamfaa muuzaji katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, si katika vitu vyengine. Nguo si mnyama. Nguo inageuzwa na kuangaliwa yote katika dakika mbili.

Ama kusema "ni mtumba, kila mtu anajua", hilo ni kweli nusu. Kasoro hupimwa kwa ada ya wafanyabiashara wa kitu hicho. Rangi kufifia kidogo, kola kulainika, lebo kukatwa, hayo mnunuzi wa mitumba ameyakubali tokea alipoamua kununua mtumba, na hana haki ya kuyalalamikia kana kwamba amenunua kipya. Lakini tundu, doa lisilotoka, zipu mbovu, kiuno kilichopunguzwa na cherahani, haya hata kwenye mitumba hushusha bei. Muuzaji mwenyewe akiyaona anaponunua huyatumia kushusha bei. Basi asiyasahau anapouza.

Hata hivyo, tusimhukumu dada wa Kikwajuni kabla ya kumsikiliza. Hoja yake ilikuwa nzito, na ilinifanya ninyamaze kwa muda. Alisema: "Maalim, mimi belo nanunua limefungwa. Silioni ndani. Nikilifungua nikikuta theluthi ni matambara, yule aliyeniuzia hanirudishii hata senti moja. Mimi nani atanirudishia?"

Huu ndio mzizi wa jambo lote. Anayefungua belo ni kama mtu aliyetupa nyavu gizani. Yeye mwenyewe ameuziwa asichokiona, na suala la kununua belo lililofungwa, kwa ule utata uliomo, linastahili kuangaliwa na wanazuoni peke yake. Ni maskini anayejitafutia riziki ya halali. Je, ni haki abebe hasara peke yake?

Nilimuuliza swali moja: "Mwanangu, ukifungua belo ukakuta koti zuri ambalo kwa hesabu ya belo limekugharimu shilingi 3,000, unaliuza bei gani?" Akacheka kidogo, akasema: "Hata 50,000 nauza." Nikamuuliza tena: "Faida ile unampelekea nani?" Akanyamaza.

Hapo ndipo jibu lilipo. Iko kanuni ambayo asili yake ni hadithi ya Mtume (SAW) iliyopokewa na Bi Aisha (RA), ya mtu aliyenunua mtumwa, akamtumia, kisha akamrudisha kwa kasoro. Ilipodaiwa faida ya kazi ya yule mtumwa, ikahukumiwa kuwa faida inamfuata yule ambaye hasara ingekuwa juu yake. Kwa mwanga wa kanuni hiyo, belo likishakuwa lako, bahati yake njema ni yako na bahati yake mbaya pia ni yako. Huwezi kuzila dhahabu za belo peke yako, kisha matambara yake ukawagawia wateja mmoja mmoja kwa bei ya dhahabu. Kama theluthi ni matambara, basi hesabu ya bei iingizwe katika theluthi mbili zilizo nzima, na matambara yauzwe kwa jina lake la matambara. Hiyo ni biashara. Dhulma uliyofanyiwa na aliye juu yako haikupi ruhusa ya kumfanyia aliye chini yako.

Baada ya kusema hayo, lazima tumgeukie mnunuzi, kwa sababu makala nyingi humuonea huruma yeye tu. Dada wa Bububu aliliona lile kwapa jioni ile ile. Lakini usiku kulikuwa na harusi, na hakuwa na gauni jengine. Akalivaa, akaenda harusini, akarudi, na siku ya tano ndipo alipoandika kudai pesa zake.

Kwa kweli wauzaji wengi watakuambia kuwa hili ndilo linalowafanya waandike "hairudishwi". Nguo inakwenda harusini, inarudi ina jasho na manukato, na mwenyewe anaapa kuwa hakuivaa. Mtu huyu naye ameghushi. Kwa wanazuoni wa Kishafi, aliyegundua kasoro anatakiwa arudishe bila ya kuchelewa, kwa kadiri ya ada na uwezo. Akiitumia nguo baada ya kujua kasoro yake, kwa hiari yake na bila ya udhuru, huko ni kuridhika nayo, na haki yake ya kurudisha imeanguka. Na ukizuka ugomvi juu ya kasoro inayoweza kuwa ya zamani au ya mikononi mwa mnunuzi, anayesadikiwa ni muuzaji kwa kiapo chake. Sheria haikumpa mnunuzi upanga wa kumkatia muuzaji. Qur'an (4:29) imekataza kuliana mali kwa batili, na katazo hilo linawahusu wote, anayepokea pesa na anayepokea nguo.

Na lipo la tatu, kubwa kuliko gauni. Ni ile picha na lile neno "mwizi". Mwenye kudhulumiwa ana ruhusa ya kusema, na Qur'an (4:148) imemvua katika lawama ya kutangaza maneno mabaya. Wanazuoni wamebainisha kuwa kumshitakia mtu anayeweza kuondoa dhulma si kusengenya. Lakini kumshitakia sheha, mzazi wake au mzee wa mtaa ni jambo moja, na kumtandaza mbele ya mamia ya watu wasioweza kurudisha hata shilingi ni jambo jengine. Wale hawakuombwa msaada, waliitwa kutazama. Pesa inaweza kurudishwa kwa dakika moja, ila picha iliyokwishasambaa nani ataikusanya? Naye muuzaji anayemfungia mteja wake namba asidhani amestarehe. Mwenye uwezo wa kulipa haki ya mtu akaichelewesha, Mtume (SAW) ameiita hiyo dhulma.

Basi tulikaa pale na hesabu haikutimia. Muuzaji alikuwa ameficha, mnunuzi alikuwa amevaa. Kwa ukali wa fiqhi haki ya kurudisha ilikuwa imekwishaanguka, lakini dhambi ya kuficha ilikuwa bado imesimama. Mtu anaweza kushinda kesi ya gauni duniani na akaenda nayo Akhera.

Ndipo nikakumbuka kuwa dini haikuishia kwenye haki. Juu ya haki kuna ihsani, na katika biashara ihsani hiyo ina jina lake, iqala, yaani kukubali kuuvunja mkataba kwa hiari yako, hata kama hulazimiki, kwa sababu mwenzako amejuta. Imepokewa na Abu Daud na Ibn Majah kwamba anayemkubalia hivyo Muislamu mwenzake, Allah (SW) atamsamehe kuteleza kwake Siku ya Kiyama. Nani kati yetu asiyekuwa na kuteleza? Malipo haya yamewekwa kwa yule ambaye angeweza kusema "hairudishwi" na akawa na haki ya kusema, kisha hakusema.

Imesimuliwa kuwa Imam Abu Hanifa, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Kufa, alimpelekea mshirika wake bidhaa na kumwambia kuwa nguo moja ina kasoro, akiiuza aieleze. Mshirika akasahau, akauza, wala hakumjua mnunuzi. Abu Hanifa alipopata habari alizitoa sadaka pesa zote za bidhaa ile. Hakuna aliyekuwa akimdai. Mwenyewe alijidai.

Kwa hiyo nawausia ndugu zetu wanaotafuta riziki kwa njia hii, na wengi wao ni mama na mabinti zetu, mambo machache. Piga picha ya kasoro kama unavyopiga picha ya uzuri. Usiandike saizi ya lebo tu, kwani lebo za nchi mbalimbali hazifanani, weka tepu uandike kifua, kiuno na urefu kwa inchi. Mahali pa "hairudishwi" weka hiari yenye muda. Madhehebu ya Shafi yanaruhusu hiari ya sharti isiyozidi siku tatu, nawe unaweza kuweka siku moja, kwa sharti nguo isivaliwe wala isifuliwe. Elezaneni kabla ni nani atakayelipa nauli na makato ya kutuma pesa. Kwa maoni yangu, kosa likiwa la muuzaji alipe yeye, na mnunuzi akibadili mawazo alipe yeye. Nawe mnunuzi, fungua mzigo siku ile ile, na ukiona kasoro sema kabla ya kuvaa.

Ama wale wawili, nilimuuliza dada wa Kikwajuni swali la Sayyidna Uthman: "Ulijua?" Sikumtaka aape. Aliinamisha kichwa, akasema: "Uzi ule niliutia mimi." Nikamgeukia wa Bububu, naye akasema kabla ya kuulizwa: "Na mimi nimelivaa." Wakasuluhishana kuwa gauni libaki Bububu na shilingi 10,000 zirudi, kuwa ni tofauti ya gauni zima na lililoshonwa. Yule aliyeandika "mwizi" akaandika pale pale kwenye kundi kwamba wamemalizana na kwamba alivuka mpaka.

Pesa ile ilitumwa kwa simu tukiwa tumekaa. Ilichukua muda mfupi kuliko kuandika "mali ikiuzwa hairudishwi".

Allah (SW) atujaalie riziki tusiyoogopa kuulizwa ilikotoka. Amin.